Mfamasia Anapokataa Kutoa Dawa: Historia ya Dhamiri, Kiapo na Siri ya Mwanamke



Leo tunazungumza jambo ambalo kwa kawaida husemwa kwa sauti ya chini. Mwanamke ametoka kwa daktari, cheti chake anacho mkononi, amefika duka la dawa, na aliyesimama nyuma ya kaunta anamwambia, "Dawa hii mimi siitoi." Dawa ipo, pesa ipo na daktari ameshaandika. Anayekataa ni mfamasia, na sababu yake ni imani yake. Je, ana haki hiyo? Na mwanamke yule naye ana haki gani?

Swali hili limefika mahakamani Ufaransa na Marekani, limeandikiwa miongozo Uingereza, na mizizi yake imo pia katika miji ya Kiislamu ya zamani. Tumeona tulieleze kwa historia yake, kwa sababu tukilijadili vibarazani kila mtu hushika upande mmoja. Huyu husema mfamasia ana dini yake, aachwe. Yule husema dawa si yake, aitoe. Historia inaonyesha kuwa kila upande umeshika nusu ya jambo.

Kiapo chenye nusu mbili

Katika enzi ya Bani Abbas, karne ya 9, mji wa Baghdad ulikuwa na maduka ya dawa yanayojitegemea, na wauzaji wake walikuwa watu wenye fani yao. Sabur ibn Sahl, aliyefariki mwaka 869, aliandika kitabu cha namna ya kuchanganya dawa. Karne mbili baadaye Al-Biruni, uzeeni mwake, aliandika kitabu kizima juu ya elimu ya dawa. Ulaya ilifuata baadaye. Katika karne ya 13 mfalme Frederick II alitoa amri kusini mwa Italia ya kutenganisha kazi ya tabibu na kazi ya muuza dawa.

Katika miji ya Kiislamu palikuwa na msimamizi wa soko aliyeitwa muhtasib. Yeye alikagua mizani ya mchele, mikate ya muokaji, na pia dawa, zisije zikachanganywa na vitu vya bandia. Vitabu vya kumuongoza muhtasib vimebaki hadi leo, kikiwemo cha Al-Shayzari wa Sham wa karne ya 12, na cha Ibn al-Ukhuwwa wa Misri aliyefariki mwaka 1329.

Humo tunakuta jambo linalogusa mada yetu moja kwa moja. Muhtasib alitakiwa kuwaapisha matabibu. Waape kwamba hawatampa mtu dawa ya kumdhuru wala hawatatengeneza sumu. Waape kwamba hawatawatajia wanawake dawa ya kuharibu mimba, wala wanaume dawa ya kukata uzazi. Hapo ndipo wengi huishia, wakasema basi mwenye kukataa ana asili katika dini.

Lakini kiapo kinaendelea. Tabibu anaapa pia kuinamisha macho anapoingia kwenye nyumba ya mgonjwa mwenye wanawake, na kutofichua siri za watu. Hii ni nusu ya pili, na ina uzito ule ule. Aliyeapa kutotoa dawa ya madhara ndiye huyo huyo aliyeapa kumsitiri mwanamke.

Na tusidhani wanazuoni wa zama zile walifunga mlango wote. Ibn Sina, katika kitabu chake kikubwa cha tiba, Al-Qanun, alieleza njia za kuzuia mimba kwa mwanamke ambaye kuzaa kungemhatarisha. Kwa hiyo ndani ya ustaarabu huo huo kulikuwa na kukataza na kulikuwa na kutoa, kwa kutazama hali ya mgonjwa.

Neno "dhamiri" lilivyoingia kwenye sheria

Kukataa jambo la kisheria kwa sababu ya dhamiri kulianza kutambuliwa rasmi Uingereza mwaka 1898, na kulihusu chanjo. Watoto walilazimishwa kuchanjwa ndui, na wazazi waliopinga walitozwa faini, tena na tena. Sheria ya mwaka huo iliwaruhusu wapate cheti cha kuwa wanapinga kwa dhamiri. Mwaka 1916, katikati ya Vita Kuu ya Kwanza, maneno hayo yakatumika kwa wanaume waliokataa kwenda vitani. Wengi wao walipewa kazi nyengine, na waliokataa kila kitu walifungwa.

Mwaka 1967 Uingereza ilipitisha sheria ya kutoa mimba, na ndani yake kikawekwa kifungu kinachomruhusu mtu kutoshiriki tendo hilo ikiwa dhamiri yake inamkataza. Hata hivyo kifungu hicho hakimwondolei wajibu wa kuokoa maisha ya mama. Mwaka 1973, baada ya Mahakama Kuu ya Marekani kuhalalisha utoaji mimba, Bunge la nchi hiyo nalo lilipitisha kifungu kilichopewa jina la Seneta Frank Church, cha kuwalinda madaktari na hospitali wasiotaka kushiriki.

Mfamasia hakuwa mtu wa kutajwa sana kwenye mabishano hayo, maana sheria zile zilimfikiria daktari na muuguzi, watu wa chumba cha upasuaji. Mambo yalibadilika pale dawa za uzazi zilipokuwa vidonge vya kununuliwa dukani.

Kidonge kimoja, kazi nyingi

Kidonge cha kwanza cha uzazi wa mpango, Enovid, kiliidhinishwa Marekani mwaka 1957. Lakini mwaka huo hakikuidhinishwa kwa kuzuia mimba. Kiliidhinishwa kutibu matatizo ya hedhi. Ruhusa ya kuzuia mimba ilikuja mwaka 1960. Yaani tangu siku ya kwanza, mtu akikitazama kidonge hicho hawezi kujua mwenye nacho anakitumia kwa nini.

Hili wanawake wa visiwani tunalielewa bila ya kufundishwa. Yuko anayepewa vidonge vya homoni kwa sababu hedhi yake haikatiki na damu inamwishia mwilini. Yuko mwenye maumivu ya tumbo la uzazi yanayomlaza kitandani kila mwezi. Yuko anayekwenda Hijja au Umra na anataka kuchelewesha hedhi ili asikose tawafu, na wanazuoni wengi wa zama zetu wameruhusu hilo kwa sharti kwamba dawa isimdhuru na daktari awe amemshauri. Yuko bibi harusi ambaye tarehe ya ukumbi imeshalipiwa na hesabu zake zimeangukia siku ile ile. Na yuko mke anayelea kichanga, yeye na mumewe wamekubaliana kupumzika kabla ya mtoto mwengine. Wote hao wanaweza kufika duka moja na vyeti vinavyofanana.

Ufaransa, mwaka 1995

Mwezi wa Juni 1995, katika mji mdogo wa Salleboeuf karibu na Bordeaux, wanawake watatu walifika duka la dawa na vyeti vya daktari vya vidonge vya kuzuia mimba. Wafamasia wawili wenye duka walikataa kuwauzia kwa sababu za dini yao. Wanawake walishitaki na wafamasia wakatozwa faini. Walikata rufaa hadi Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, wakisema uhuru wao wa dini umevunjwa.

Tarehe 2 Oktoba 2001 mahakama ililikataa ombi lao. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka. Dawa hizo ni halali, zinatolewa kwa cheti cha daktari, na haziuzwi pengine isipokuwa duka la dawa. Aliyepewa mlango huo peke yake hawezi kuufunga kwa imani yake na kuwalazimisha wengine waifuate. Imani yake anaweza kuidhihirisha kwa njia nyingi nje ya kazi yake.

Wako walioona tofauti. Mwezi wa Oktoba 2007 Papa Benedict XVI aliwaambia wafamasia wa Kikatoliki kwamba kukataa kwa dhamiri ni haki ambayo fani yao inapaswa kuitambua. Kwa hiyo mjadala huu haukuwa wa wasio na dini dhidi ya wenye dini tu. Watu wenye kumuogopa Mungu walisimama pande zote mbili.

Marekani: kujiweka kando na kuzuia njia

Marekani ndiko jambo hili lilikochemka zaidi. Mwaka 1998 jimbo la South Dakota lilipitisha sheria ya kumruhusu mfamasia kukataa kutoa dawa anayoamini itatumika kuharibu mimba au kumsaidia mtu kujiua. Mwaka huo huo chama cha wafamasia wa nchi hiyo kilitoa msimamo wake: mfamasia anaweza kukataa kwa dhamiri, lakini lazima uwekwe utaratibu wa mgonjwa kuipata dawa yake. Kwa lugha yetu tungesema, jiweke kando, lakini usisimame njiani.

Tofauti ya mambo hayo mawili ilionekana Wisconsin mwaka 2002. Mwanafunzi wa chuo kikuu alikwenda kuchukua vidonge vyake vya kuzuia mimba. Mfamasia aliyekuwa zamu alikataa. Mwanafunzi akaenda duka jengine, na duka hilo lilipompigia mfamasia yule ili cheti kihamishwe, alikataa pia kukihamisha. Matokeo yake mwanamke alikosa dozi. Mwaka 2005 bodi ya wafamasia ya jimbo ilimuadhibu na kuiwekea masharti leseni yake, na mwaka 2008 mahakama ya rufaa ikaunga mkono adhabu hiyo. Hakuadhibiwa kwa kuwa na imani. Kosa lake lilikuwa kukishikilia cheti cha mtu na kumwacha bila ya njia.

Mwaka 2004 huko Denton, Texas, mwanamke aliyebakwa alinyimwa dawa ya dharura ya kuzuia mimba, na wafamasia watatu wakafukuzwa kazi na mwajiri wao. Mwaka 2005 gavana wa Illinois alitoa amri kwamba maduka ya dawa yatoe dawa za kuzuia mimba bila ya kuchelewesha. Wafamasia walikwenda mahakamani, na mwaka 2012 mahakama ya rufaa ikawapa ushindi. Jimbo la Washington lilitoka na jibu jengine. Kanuni zake za mwaka 2007 zilimruhusu mfamasia mmoja mmoja kukataa, lakini duka lenyewe lilitakiwa kuhakikisha dawa inatolewa. Familia moja yenye duka mjini Olympia ilishitaki, na baada ya miaka mingi, mwezi wa Juni 2016, Mahakama Kuu ya Marekani ilikataa kuisikiliza kesi hiyo, ingawa majaji watatu walipinga uamuzi huo.

Anayesema "si aende duka jengine tu" atazame yaliyotokea Minnesota mwezi wa Januari 2019. Mwanamke mmoja wa mji mdogo wa McGregor alinyimwa dawa ya dharura na mfamasia aliyesema dhamiri yake inamkataza. Ilimbidi asafiri zaidi ya kilomita 80 kwenda mji mwengine, katika dhoruba ya theluji, kuifuata dawa ambayo kila saa inayopita inapunguza nguvu yake. Kwa mtu wa mjini, duka jengine ni hatua chache. Kwa mtu wa kisiwa kidogo chenye duka moja la dawa, duka jengine ni kusubiri boti.

Dawa ya mimba, dawa ya maungo

Tarehe 24 Juni 2022 Mahakama Kuu ya Marekani ilifuta uamuzi wake wa mwaka 1973 kuhusu utoaji mimba, na majimbo mengi yakapiga marufuku. Baada ya hapo wakatokea wagonjwa ambao hawakutarajiwa. Wanawake wenye baridi yabisi ya maungo na ugonjwa wa lupus walianza kucheleweshewa au kunyimwa dawa yao ya methotrexate, kwa sababu dawa hiyo inaweza pia kuharibu mimba. Wengine walikuwa wameitumia kwa miaka.

Misoprostol nayo ni hivyo hivyo. Ilianza kama dawa ya vidonda vya tumbo. Leo wakunga wanaijua kwa kuzuia damu kwa mzazi, na hupewa pia mwanamke ambaye mimba imeshakufa tumboni. Mfamasia anayesoma jina la dawa tu na kumkunjia uso mteja anaweza kuwa amemkunjia uso mama aliyetoka kufiwa na mtoto wake.

Kuna somo jengine la elimu hapa. Waliokataa dawa ya dharura wengi waliamini kwamba inaharibu mimba iliyokwisha kutungwa. Mwezi wa Disemba 2022 mamlaka ya dawa ya Marekani ilibadilisha maelezo ya dawa inayotumika zaidi, Plan B, na kusema kuwa inafanya kazi kwa kuzuia au kuchelewesha yai kutoka, na kwamba haiathiri mimba iliyokwisha kujishika. Dhamiri ni kitu kitukufu, lakini inahitaji ilimu. Mtu akikataa kwa kitu asichokijua sawasawa, anayeumia ni mwengine.

Nayo Uingereza, mwaka 2017, baraza linalowasimamia wafamasia liliandika upya miongozo yake. Zamani ilionekana kumuelekeza mgonjwa kwengine kunatosha. Sasa mfamasia anatakiwa aanze na mahitaji ya mgonjwa, na ajiulize kama kumuelekeza kwengine kutamfikisha kweli kwenye dawa yake.

Kwa uadilifu tuseme pia kwamba dhamiri ya mfamasia si adui wa wanawake. Mwaka 2015 chama kile kile cha wafamasia wa Marekani kiliwataka wanachama wake wasishiriki kutoa dawa za kuwaua wafungwa waliohukumiwa kifo. Mfamasia asiye na dhamiri ni wa kuogopwa zaidi kuliko mwenye nayo. Huyo ndiye atakayekuuzia dawa iliyopita muda wake.

Sisi na dini yetu

Tukirudi nyumbani, sheria na dini zinakutana mahali pengi. Kutoa mimba ni kosa kwa sheria zetu, na mfamasia asiyetaka kuuza dawa kwa kazi hiyo yuko upande wa sheria na upande wa kiapo cha kina Ibn al-Ukhuwwa. Hilo hatulijadili.

Kuzuia mimba kabla haijaingia ni jambo jengine. Masahaba walikuwa wakifanya azl, yaani kumwaga nje, katika zama za Mtume, swalla Llahu alayhi wasallam, na habari hiyo imo katika Bukhari na Muslim. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliruhusu azl na akataja miongoni mwa sababu zake kuhifadhi afya na uzuri wa mke, lakini alitenga wazi kati ya kuzuia mimba na kuiharibu. Wako waliochukia azl, na khitilafu hiyo tunaiheshimu.

Mabibi harusi, shikeni hili: mafakihi wengi walisema mume asifanye azl bila ya ridhaa ya mkewe, kwa sababu mke ana haki yake katika kupata mtoto na katika starehe ya ndoa. Tangu zamani jambo hili limewekwa baina ya watu wawili, mume na mke, kwa mashauriano. Aliyesimama kaunta si wa tatu wao. Akiuliza, "Mumeo anajua?" mbele ya foleni ya watu, ameingia chumba asichoalikwa. Na Suratul Hujurat imetukataza dhana mbaya na kupelelezana.

Maswali anayopaswa kuuliza mfamasia ni ya afya. Una presha? Una mimba? Unanyonyesha? Unatumia dawa gani nyengine? Hayo ni ulinzi wako, yajibu kwa ukweli. Vidonge vya homoni havimfai kila mtu, na mfamasia anayekataa kukuuzia bila ya cheti kwa sababu una presha amekufanyia wema.

Ukikataliwa, ufanye nini?

Kwanza, uliza kwa upole sababu ni ipi: dawa haipo, ina hatari kwako, au yeye hataki kuitoa? Majibu haya matatu hayafanani, na unastahili kujua ni lipi.

Pili, chukua cheti chako. Hakuna mwenye haki ya kukuzuilia.

Tatu, muombe akuitie mwenzake au akuambie wapi utaipata. Ikishindikana rudi kwa daktari au kituo cha afya kilichokuandikia. Usichukue kidonge cha shoga yako kwa kuwa vinafanana rangi.

Nne, bibi harusi, usingoje wiki ya mwisho. Sisi tunaoshona magauni tunaona namna siku zinavyobana. Ukitaka ushauri wa hedhi au wa uzazi, muone daktari miezi miwili au mitatu kabla, pamoja na somo wako kama unamuamini. Dawa hizi zinataka hesabu ya siku.

Na kwa dada zetu mliosomea ufamasia, nyinyi ni fahari yetu. Ikiwa kuna dawa ambayo moyo wako umekataa, mwambie mwajiri wako mapema ili zamu ipangwe awepo wa kuitoa. Usisubiri mwanamke afike ndipo umtangazie msimamo wako mbele ya watu. Sema kwa sauti ya chini, muelekeze, mrudishie cheti chake, na siri yake ibaki pale pale. Hapo utakuwa umekitimiza kiapo cha wazee wetu chote, nusu ya kwanza na nusu ya pili.

Allah atupe ilimu yenye manufaa, atusitiri na atujaalie tuwe wenye kuwasitiri wengine. Amin.

Wabillahi tawfiq.